Sauti ya Mwalimu Kooni mwa Mwanafunzi



Umezoea kuniona nikiandika juu ya sala, malezi na haki za jirani. Leo nimekuja na santuri ya nyimbo, na najua wapo watakaoguna kabla ya kufika mstari wa tatu. Nawaomba wanivumilie. Hata wewe usiyesikiliza nyimbo kabisa, jambo ninalotaka kulisema limo ndani ya nyumba zetu, na huenda usiku huu limelala jikoni mwako.

Aliyenitia katika habari hii ni mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi na saba. Alinijia barazani baada ya sala ya Alasiri, simu mkononi, akaniambia: "Babu, msikilize dada huyu wa Mali. Mimi nampenda, lakini mwenzangu shuleni anasema si lolote, ni mwigaji tu wa bibi mmoja mashuhuri wa huko kwao. Tuamulie wewe." Nikamjibu kuwa mimi si kadhi wa nyimbo. Akasema: "Lakini wewe ni mwalimu, na siku zote watufunza kuchukua kutoka kwa waliotutangulia." Nikashikwa kwa maneno yangu mwenyewe. Nikasikiliza siku ile, nikasikiliza tena kesho yake, na kwa muda wa wiki mbili nikawa nauliza na kusoma habari za wanawake hawa wawili mpaka nikapata la kumjibu. Jibu nililompa ndilo hili ninalokugawia nawe.

Kabla sijaendelea, niliondoe lile linalowaka vifuani mwa baadhi yetu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya nyimbo na ala, na hitilafu hiyo si ya jana. Wakubwa wengi, wa madhehebu yetu ya Shafi na wa mengine, wamekataza ala. Ibn Hazm wa Andalusia aliona kuwa hadithi za kukataza hazikuthibiti. Imam Ghazali, katika Ihyaa, aliweka kitabu kizima juu ya kusikiliza, akapima kinachosikilizwa, anayesikiliza, na kile kinachoamshwa moyoni. Mwenye kushika kauli ya kukataza ana hoja yake, wala simwombi aiache. Mimi leo sitoi fatwa. Natazama maneno yaliyosemwa na binti wa Kiislamu, na neno la haki lina haki ya kusikilizwa hata likitoka mahali tusipopazoea.

Basi tuanze na mkubwa, kwa heshima yake.

Oumou Sangaré alizaliwa mwaka 1968 katika mji wa Bamako. Usishangazwe na maandishi ya Kifaransa. Oumou ni Ummu letu hili hili. Asili ya wazazi wake ni Wassoulou, nchi ya kusini mwa Mali inayopakana na Guinea na Kodivaa. Angali mdogo sana, baba yake aliondoka na mke mwengine, akamwacha mama na watoto wake. Mama yule, naye mwimbaji, akahangaika na biashara ndogo ndogo. Oumou akauza maji njiani ili kumsaidia, na akaimba harusini apate chochote cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo koo lake lilifunzwa na shida kabla ya kufunzwa na mtu.

Yafaa kujua kuwa katika nchi zile wamo watu waitwao jeli, ambao kwa ukoo wao kazi yao ni kuhifadhi nasaba na kuwasifu wakubwa, na wasifiwao huwalipa. Waimbaji wa Wassoulou hawamo katika ukoo huo. Wao huitwa kono, yaani ndege. Nami jina hilo nalifahamu hivi: ndege hana bwana, hutua juu ya paa la tajiri na juu ya paa la maskini, na akilia, humlilia kila mwenye sikio. Ala yao kubwa ni kamale ngoni, kinubi cha vijana, kilichotokana na kile kinubi kikubwa cha wawindaji. Mbele ya kinubi hicho husimama mwanamke mmoja anayetoa maneno, na nyuma yake wanawake wenziwe wanamwitikia.

Mwaka 1989, Oumou akiwa na miaka 21, alirekodi kaseti yake ya kwanza mjini Abidjan. Aliiita Moussolou, maana yake "Wanawake". Inasemwa kuwa ziliuzwa zaidi ya kaseti 200,000, na katika nchi ile idadi hiyo ni kubwa mno. Aliimba juu ya binti anayeozwa bila kuulizwa, juu ya mke anayeingia nyumba ya watu asikute wa kumtetea, na juu ya wake wenza na machungu yao. Mwaka 1996 alitoa santuri nyingine, Worotan, yaani kokwa kumi za kola, ambazo huko hutolewa kuwa mahari. Alikuwa akiuliza kama mwanamke aliyetolewa kwa kokwa kumi amekuwa mtumwa wa nyumba ile.

Katika habari ya wake wengi mimi simfuati moja kwa moja. Sharia imeruhusu, na ruhusa hiyo imefungwa kwa uadilifu. Lakini ukimsikiliza mtoto aliyemwona mama yake ameachwa na watoto na deni, utaona kwamba analia kwa dhulma, na dhulma haikuruhusiwa kwa mke mmoja wala kwa wanne. Mwanamume anayekasirishwa na nyimbo za Oumou na ajiulize kwanza ni lipi hasa lililomchoma.

Huyo ndiye mkubwa. Sasa mdogo.

Fatoumata Diawara, naye ni Fatuma wetu, alizaliwa mwaka 1982 nchini Kodivaa kwa wazazi wa Kimali, na ukoo wao pia ni wa Wassoulou. Alipokuwa msichana mdogo alikataa shule, na wazazi wakampeleka Bamako kwa shangazi yake ili akanyooshwe. Zaidi ya miaka kumi ilipita asiwaone wazazi wake. Shangazi alikuwa mwigizaji wa filamu, na kazi ya mtoto yule ilikuwa kumbeba na kumtunza mtoto wa shangazi wakati mama mtu akiwa kazini. Huko ndiko alikoonekana na mwongozaji wa filamu akapewa maneno machache ya kusema, na tangu hapo akawa mwigizaji.

Baadaye jamaa zake walitaka aache kuigiza akaolewe. Mwaka 2002 akatoroka, akapanda ndege kwenda Paris na kujiunga na kundi la michezo ya kuigiza la Kifaransa. Mimi ni mzee na nina mabinti. Siwezi kumsifu binti kwa kuwatoroka wazee wake. Lakini wala siwezi kuwaficha wazee nyuma ya kosa la binti. Khansa binti Khidam alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba baba yake amemwoza bila ya ridhaa yake, Mtume aliibatilisha ndoa ile, na habari hiyo imo katika Sahihi ya Bukhari. Khansa alipata pa kwenda kulalamika. Tujiulize: katika miji yetu, binti wa leo aende kwa nani?

Huko Ufaransa Fatoumata alijifunza gitaa mwenyewe, akaimba nyuma ya waimbaji wengine. Mmoja wa hao alikuwa Oumou Sangaré: katika santuri ya Oumou iitwayo Seya, ya mwaka 2009, sauti ya Fatoumata imo miongoni mwa waitikiaji. Miaka miwili baadaye, mwaka 2011, akatoa santuri yake ya kwanza. Ina nyimbo 12, imetolewa na kampuni ile ile ya London iliyozisambaza nyimbo za Oumou, na jina lake ni fupi kama alivyoitwa kwao: Fatou. Santuri hiyo ndiyo iliyowagombanisha wasichana wawili shuleni.

Je, anaiga?

Mwangwi upo, ndugu msomaji, nami siukani. Anayemjua Oumou atamsikia ndani ya Fatou mara moja. Ni lugha ile ile ya Kibambara, mahadhi yale yale ya sauti tano, na ule mtindo wa kuinua neno mpaka juu kisha kuliacha lishuke lenyewe taratibu kama jani. Mambo ya kuimbwa nayo ni yale yale: mwanamke, ndoa, mtoto, ugeni. Na kama hayo hayakutosha, umo wimbo mzima, Makoun Oumou, alioutunga kwa kumtukuza bibi yule.

Lakini sisi watu wa chuo tunajua kwamba kila mwanafunzi huanza kwa kuwa mwangwi. Mtoto anaketi mkekani, mwalimu anatamka, yeye anarudia. Akikua akawa msomaji, wazee wanaomsikia husema, "Huyu amesoma kwa fulani," na husema hivyo kwa kumsifu. Ijaza zetu zina majina ya walimu juu ya walimu, na msomaji asiye na jina la mtu juu yake hatumwamini. Hata katika nyimbo tunaujua mfano huo hapa pwani: Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alikulia katika kivuli cha Siti binti Saad, akaziimba nyimbo zake mpaka uzeeni, wala hakuna Mzanzibari aliyemwita mwizi.

Kwa hiyo swali la kama mwangwi upo halitoshi. Mimi humpima mwanafunzi kwa mambo matatu. La kwanza, je, amemtaja mwalimu wake, au amejifanya kazaliwa mjuzi? La pili, je, amechukua mzigo pamoja na mahadhi? Maana wapo wanaochukua lahani ya sheikh, kikohozi chake na kilemba chake, na elimu yake wakaiacha pale pale. La tatu, je, ameongeza lolote ambalo mwalimu asingeweza kulisema?

La kwanza limekwisha; amemtaja kwa jina katika wimbo. La pili nalo amelitimiza. Angeweza kuimba mapenzi na mvua, watu wa Ulaya wakampigia makofi. Lakini umo wimbo uitwao Boloko, ambao ni juu ya kutahiriwa kwa wasichana, jambo ambalo baraza kuu la utafiti la al-Azhar lilitamka mwaka 2007 kuwa halina msingi katika asili za sharia, na ambalo watu wengi wa nchi yake bado wanalishikilia. Umo pia wimbo juu ya vijana wanaosafiri kwa siri kwenda ughaibuni. Hizo si nyimbo za kutafutia tunzo kwa wakubwa. Huo ni mzigo wa kono, na ameuinua.

La tatu ndilo lililonikosesha usingizi.

Oumou aliachwa na baba, lakini alibaki na mama. Aliona machozi ya mama yake, akayapa sauti. Fatoumata aliondolewa kwa wote wawili. Kwa hiyo upo mlango ambao Oumou hakuupitia, na mwanafunzi wake ameupitia peke yake. Wimbo wa pili katika santuri ile unaitwa Sowa, na habari yake ni mtoto anayetolewa na wazazi wake kwenda kulelewa kwa jamaa. Haimbi kwa hasira, wala hamtukani shangazi. Sauti yake ni ya chini, nzito kidogo, na gitaa linakwenda mwendo wa mtu anayembembeleza mtoto alale. Ukisikiliza bila ya kujua maana utadhani ni wimbo wa kulaza watoto. Ukijua maana, utajua kuwa mtoto huyo hana wa kumlaza.

Mjukuu wangu aliponieleza maana hiyo nilinyamaza. Akaniuliza, "Babu, umechoka?" Nikamwambia ndiyo. Sikuchoka.

Miaka mingi iliyopita aliletwa nyumbani kwangu binti wa ndugu yetu mmoja wa shamba, mtoto wa miaka minane. Baba yake alikuwa hana kitu, mama mgonjwa, nasi tulikuwa mjini, nami ni mwalimu. Watu walisema nimefanya jambo la thawabu, nami nikaamini. Tulimwita mwanetu. Alikula tulichokula, sikumnyima nguo ya Idi. Lakini alfajiri yeye ndiye aliyeteka maji, na maji ya udhu wangu alikuwa akiniwekea yeye. Wanangu walipokwenda chuoni, yeye alibaki akiosha vyombo vya chakula cha asubuhi, kisha akafuata. Alifika kila siku amechelewa, anasimama mlangoni, mikono yake bado mibichi.

Nami mwalimu wake nilimwadhibu kwa kuchelewa.

Naliandika hili kama lilivyo. Nilimsimamisha nje ya mlango mpaka dersa ya kwanza imalizike, kwa sababu kanuni ya chuo ilikuwa moja kwa wote. Hata siku moja sikujiuliza vyombo vile vilikuwa vya nani. Wanangu wote wamehitimu Kurani. Yeye hakuhitimu. Aliolewa akiwa na miaka kumi na saba, akaenda zake, nasi tukasema tumemlea mpaka tumemwoza.

Msomaji ataniambia: kulea mtoto wa jamaa ni mila ya rehema. Kweli. Wangapi kati yetu wamesoma kwa sababu ami au shangazi aliye mjini aliwafungulia mlango? Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alilelewa na ami yake Abu Talib. Anas bin Malik naye aliletwa na mama yake kumtumikia Mtume akiwa mtoto wa miaka kumi, akakaa naye miaka kama kumi, na ushahidi alioutoa ukubwani ni kwamba hakupata kusikia kwake neno la kumchukia wala kuulizwa kwa nini alifanya hili au hakufanya lile. Hicho ndicho kipimo. Mtoto uliyemlea akikua, atatoa ushahidi gani? Fatoumata alitoa wake katika Sowa, tena kwa upole. Wengine wako kimya tu, nasi tunaudhani ukimya wao kuwa ni shukrani.

Basi hapo ndipo nilipomjibu mjukuu wangu kwamba dada yule haigi. Mwigaji hukariri jeraha la mwenziwe. Huyu amechukua kwa mwalimu wake namna ya kusema, akasema jeraha lake.

Hata hivyo mwalimu asiyeona kosa katika daftari hakulisoma, na mimi katika santuri hii nimeona mawili.

La kwanza ni upole wenyewe. Oumou alifunzwa kuimba katika viwanja vya harusi, na sauti yake hurushwa mpaka iwafikie walio nyuma kabisa. Mwanamume akiwa kiwanjani hawezi kujifanya hakusikia. Fatou huimba karibu na mdomo, kama anayemnong'onezea dada yake usiku. Hilo lina uzuri wake, lakini lina hatari. Wanunuzi wengi wa santuri ile ni watu wa Ulaya wasiojua Kibambara, na kwao lawama imekuwa kibembelezo cha jioni. Wanaolaumiwa hawako pale. Walioko pale hawajui kwamba kuna anayelaumiwa. Neno la nasaha likitamkwa kwa utamu kupita kiasi, mwenye kosa naye hulisikiliza huku akitikisa kichwa kwa raha.

La pili ni waitikiaji. Nimesema kuwa mwimbaji wa Wassoulou hutoa neno, na wanawake wenziwe wakamwitikia. Itikio hilo si pambo. Sisi tunaosoma Maulidi tunalijua: kasida isiyoitikiwa ni ya mtu mmoja, ikiitikiwa huwa ya mji mzima. Oumou anapolia, kundi la wanawake nyuma yake linatoa ushahidi kuwa ndivyo ilivyo. Katika Fatou binti huyu ametunga mwenyewe, amepanga mwenyewe, amepiga gitaa mwenyewe, na hata sauti zile za nyuma ni zake mwenyewe. Anaita, kisha anajiitikia. Kwa ufundi ni jambo la kusifiwa. Lakini masikioni mwangu lilikuwa pengo, na nikamwambia mjukuu wangu kuwa hapo mwanafunzi amepungukiwa na mwalimu wake.

Msichana akafikiri kidogo, akasema: "Babu, huenda hakuwa na wa kumwitikia."

Sikuwa na jibu. Mtu aliyetolewa kwao akiwa mtoto, akatoroka kwa jamaa zake akiwa kijana, akajifunza gitaa ugenini, amwite nani asimame nyuma yake? Kwa hiyo lile kosa la pili nimelifuta nusu yake. Nimeliacha liwe alama kuwa jambo lenyewe halijakamilika.

Wala halikukaa hivyo milele. Mwaka 2012 kaskazini mwa Mali kulitekwa na watu wenye silaha, nao katika miji waliyoitawala wakapiga marufuku muziki kwa jina la dini yetu. Kuhitilafiana juu ya ala ni mambo ya vitabu na ya subira, na wanazuoni wameishi nayo karne nyingi bila ya kuchapana. Filamu iitwayo Timbuktu, ya mwaka 2014, imewaonyesha watawala wale, na mwanamke anayechapwa viboko ndani yake kwa kosa la kuimba ni Fatoumata huyu huyu, akiigiza. Nimeiona sehemu hiyo, nami niliona haya kwa niaba ya kilemba changu.

Lakini kabla ya filamu ile, mwanzoni mwa mwaka 2013, Fatoumata aliwakusanya Bamako waimbaji na wapiga ala zaidi ya 40 wa Mali, wa kaskazini na wa kusini, jeli na wasio jeli, wakarekodi pamoja wimbo wa kuomba amani uitwao Mali-ko. Miongoni mwao alikuwamo Oumou Sangaré. Ikawa aliyekuwa mwitikiaji ndiye aliyeita, na bibi yake akaitika pamoja na wengine. Basi na lile nusu la kosa lililobaki nikalifuta pia.

Nilipomaliza hesabu hiyo ya nyimbo, ilinibakia hesabu yangu. Nilisafiri kwenda anakokaa yule mwanetu wa zamani. Sasa ni mama mtu mzima, ana watoto wanne, wawili wameshahitimu. Alinipokea kwa heshima kuliko ninavyostahiki, akanitandikia jamvi, akaniletea kahawa na tende. Nikamwambia nimekuja kumwomba radhi, nikamtajia mlango wa chuo na mikono mibichi. Alicheka kwanza, kisha akatazama chini. Akasema, "Ami, wewe hukujua kuwa nikisoma." Nikamuuliza alisomea wapi. Akasema: "Pale pale nje ya mlango. Mwalimu akitamka ndani, mimi narudia nje."

Akanisomea Suratul Mulk toka mwanzo mpaka mwisho, bila ya msahafu, kwa kuwa maandishi hayajui. Aliisoma kwa lahani yangu. Kuna mahali mimi huvuta pumzi mapema, tangu ujana wangu, kwa sababu ya kifua. Naye alivuta pumzi pale pale, ingawa kifua chake ni kizima. Mpaka kasoro yangu ameichukua. Kwa muda wote ule aliokuwa nje ya mlango nilikuwa na mwanafunzi, wala sikumwandika katika daftari.

Nilimwomba anipe ruhusa nimfunze herufi. Kwa hivi sasa kila Jumamosi mjukuu wangu humpigia simu baada ya Alasiri, wanasoma pamoja ukurasa mmoja. Mimi huketi pembeni. Wakikosea nawarudisha, na wakipatia naitikia.

Ndugu msomaji, santuri ya Fatou ukitaka isikilize, na ukiona ni bora kujiepusha, jiepushe, Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini usijiepushe na swali lake. Leo usiku, kabla ya kufunga mlango, tazama ni nani katika nyumba yako aliye macho wakati wengine wamelala. Kama ni mtoto wa mwenzio, muulize amefika wapi katika kusoma, na mara ya mwisho aliongea na mama yake lini. Muulize kwa upole, kisha ungoje jibu.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atusamehe yale tuliyowafanyia watoto wa watu tukiyadhani ni wema, na aturuzuku uhai wa kuyatengeneza kabla ya siku ambayo kila aliyenyamaza atasema. Amin.

Wabillahi tawfiq.